Bendera tulipandisha, sasa nani akae kwenye kiti cha Bwana Shauri? (UZI mrefu, Tanganyika 1961-1964)

Karani wa Boma (mleta uzi):

Wakuu habari za jioni.

Kila Desemba ikifika watu wanabandika picha zilezile, bendera inapanda saa sita usiku pale Uwanja wa Taifa, Prince Philip kasimama, Luteni Nyirenda na mwenge kule Kilimanjaro, afu hadithi inaishia hapo kama vile umeme umekatika katikati ya sinema. Mimi leo nataka tuongelee kilichofuata, sherehe zimeisha, maturubai yameshushwa, watu wamerudi kazini. Hapo ndo penye utamu na ndo hapaongelewi.

Nianze na babu yangu mzaa mama. Alikuwa karani wa boma wilaya moja huko kusini. Miaka 11 anapiga taipu barua za Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, anaziweka kwenye trei, Bwana Shauri anasaini, babu anabandika stempu. Kila faili la kodi na kila kesi ya mpaka wa shamba alikuwa anajua iko kabati gani. Mwanzoni mwa 1962 yule Mzungu akachukua chake akaondoka, akamwachia babu fungu la funguo, kila ufunguo umefungwa kikaratasi: sefu, stoo, mahabusu, nyumba. Akamwambia wewe kaimu mpaka watakapoleta mtu. Babu anasema siku ile alikaa kwenye kile kiti, akapiga taipu barua ya kwanza, akaiweka kwenye trei ya kusainiwa kama kawaida yake, akatoka nje kuvuta sigara. Sigara ya pili ndo akakumbuka kumbe wa kusaini ni yeye.

Na chini ya barua bado kaandika ile salamu ya kikoloni, mimi mtumishi wako mtiifu.

Sasa zidisha hiyo kwa nchi nzima. Siku tunapata Uhuru nafasi za juu na za kati serikalini zilikuwa 4,452. Raia wa Tanganyika waliokuwa wamezikalia ni 1,170. Zilizobaki 3,282 ni wageni, na wengi wao ni watu ambao asubuhi yoyote ile wanaweza kusema mie narudi kwetu Uingereza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa anapenda kusema, Waingereza wametutawala miaka 43, wameondoka wametuachia mainjinia 2 na madaktari 12, na watu wazima 85 kati ya 100 hawajui kusoma. Ndo unaambiwa unda serikali.

Nakuja na sehemu ya pili, naenda kula kwanza.

—

mtu_wa_siti_ya_mbele:

Nimeweka kigoda. Shusha nondo mkuu, leo hakuna kulala.

—

Karani wa Boma:

Nimerudi. Sehemu ya pili, baraza la mawaziri.

Wengi wanadhani TANU ilishika nchi siku moja. Hapana, ilikuwa kwa vipande. Uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na katika hivyo 58 hawakuwa na mpinzani kabisa. Hicho kimoja kilichobaki alikichukua Herman Sarwatt kule Mbulu, ambaye naye alikuwa mwana TANU, aligombana tu na uteuzi wa chama akasimama peke yake. Yaani upinzani wote bungeni ulikuwa mtu mmoja na mwenyewe ni wa kwenu! Mwalimu akawa Waziri Kiongozi, tarehe 1 Mei 1961 tukapata madaraka ya ndani akawa Waziri Mkuu, Gavana Turnbull bado yupo, mambo ya nje na jeshi bado kashika Mwingereza.

Sasa angalia waliokaa mezani. Fedha kapewa Sir Ernest Vasey, Mzungu aliyekuwa waziri wa fedha Kenya. Derek Bryceson yumo, mkulima Mzungu. Amir Jamal yumo, Mhindi wa hapahapa. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe kapewa sheria. Oscar Kambona, Paul Bomani, Rashidi Kawawa, George Kahama. Ukiangalia kwa macho ya leo utasema safi sana, umoja wa kitaifa. Ila mtaani Kariakoo kabwela aliyechanga shilingi yake ya kadi ya TANU tangu 1954 alikuwa anauliza swali moja tu: tumepigania Uhuru ili hela zetu azishike tena Mzungu?

Na lilipelekwa hadi bungeni. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, ukaja muswada wa uraia. Wapo wabunge wa TANU hiyohiyo waliotaka uraia uwe wa Mwafrika tu, wengine wasubiri. Mwalimu akawaka, akawafananisha na Wanazi, akasema serikali yake ikishindwa kwenye hili inajiuzulu. Muswada ukapita. Lakini ule moto haukuzimika, ulifunikwa majivu tu. Mkumbuke hilo, mbele litarudi na bunduki mkononi.

—

nondo_za_Tabora:

Mkuu uzi mzuri ila naona unaelekea kulekule kwa siku zote, Mwalimu mwenye busara dhidi ya wajinga wasioelewa. Kasanga Tumbo mbona simwoni? Victor Mkello je? Wale hawakuwa wajinga, walikuwa viongozi wa wafanyakazi waliosimamisha reli na mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, bila migomo yao hiyo TANU ingekuwa na nguvu gani? Uhuru umekuja, wameuliza mishahara na vyeo vya Waafrika lini, wakaonekana wasaliti. Tiririka na hilo usiruke.

—

Karani wa Boma:

Siruki mkuu, na kwa hilo niko upande wako zaidi ya unavyodhani.

Ila kwanza tuelewe kitu kimoja kilichotokea 1962. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu toka Uhuru, Waziri Mkuu kajiuzulu! Nchi nzima midomo wazi. Kamwachia Kawawa, kijana wa miaka 35, aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi na kabla ya hapo alishaigiza sinema za idara ya ustawi wa jamii. Vasey naye akaondoka, fedha akapewa Bomani. Mwalimu akaenda zake vijijini kujenga chama.

Kwa nini? Wapo wanaosema alisukumwa na wenzake, wapo wanaosema ilikuwa akili ya kisiasa, amwachie Kawawa afanye yale magumu ya kuwaondoa Wazungu maofisini ambayo yeye asingeyafanya kwa mkono wake. Mimi naona jambo la kawaida kabisa ambalo watu hawalitilii maanani. Kuunda serikali kuliua chama. Fikiria, TANU ilikuwa na watu wangapi waliosoma wenye uwezo wa kuandika ripoti, kuendesha mkutano, kushika daftari la hesabu? Wachache. Sasa unachukua katibu wa chama wa jimbo unampa uwaziri, kiongozi wa wafanyakazi unampa ubalozi, mwalimu wa middle school unamfanya afisa wa serikali. Kila kiti unachojaza serikalini unaacha pengo mahali pengine. Shule zimebaki bila walimu, matawi ya chama yamebaki na wenyeviti wasiojua Dar wanataka nini, vyama vya wafanyakazi vimebaki na hasira. Ni kama familia yenye blanketi moja, ukivuta kichwani miguu inabaki nje.

Kawawa kwa mwaka ule mmoja alifanya kazi ya punda. Majimbo yakawa mikoa, wale wakuu wa majimbo wa kikoloni wakabadilishwa wakaja wakuu wa mikoa na wa wilaya walioteuliwa kisiasa. Katiba ya Jamhuri ikaandikwa. Novemba 1962 uchaguzi wa rais, Mwalimu dhidi ya Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha hapahapa, Mwalimu kapata zaidi ya kura milioni moja na Mtemvu 21,000 na ushee. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa Jamhuri.

Na mwaka huohuo 1962, nondo_za_Tabora hapa ndo pako, zikapita sheria za kubana migomo na ile ya kuweka watu kizuizini bila kesi. Tumbo alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa reli, wakampa ubalozi London. Akakaa kidogo akaona huu ni ulaji wa kunyamazishwa, akajiuzulu, akarudi kuanzisha chama chake. Mkello, yule wa mashamba ya mkonge, na mwenzake wakapelekwa Sumbawanga Januari 1963 wakae huko. Sumbawanga ya 1963, unafika kwa basi la vumbi siku kadhaa, hakuna mkonge wala mfanyakazi wa kumhutubia. Serikali iliyozaliwa kwa migomo na mikutano ya hadhara, ndani ya mwaka mmoja inawapeleka uhamishoni waliogoma. Mkoloni alikuwa anafanya hivyohivyo na machifu wakorofi.

Sisemi serikali haikuwa na sababu. 1961 kulikuwa na njaa kali, mvua ziligoma afu zikaja mafuriko, hazina tupu, mpango wa miaka mitatu wa pauni milioni 24 ulitegemea hela za nje, na sehemu ya fidia ya wale Wazungu wanaoondoka ikawa deni letu sisi. Mgomo wa reli kwenye hali hiyo ni kuzama. Lakini pia siwezi kusema walikuwa sahihi. Na wewe ungekuwa Kawawa ungefanyaje, hilo ndo swali ninalolala nalo.

—

nondo_za_Tabora:

Ningekaa nao mezani. Basi.

—

Mzee wa Gerezani:

Wewe kijana ungekaa nao mezani wakati kila wiki mgomo? Mimi nilikuwa mdogo, baba alikuwa reli. Nakumbuka neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu lilikuwa naizesheni, yaani Mwafrika kupewa cheo cha Mzungu. Fulani kapata naizesheni, kahamia Oysterbay, kanunua friji. Watu walikuwa wanacheka ila ni kicheko cha wivu. Baba alikuwa na fundi mkuu Mzungu ambaye alijifunza kazi kwa baba, na mshahara wa yule ulikuwa mara kadhaa wa baba. Uhuru ulipokuja baba akadhani mwezi ujao ni zamu yake. Alisubiri hadi 1965. Unaelewa kusubiri miaka minne huku unaona karani aliyejua Kiingereza kakuruka?

Kwa hiyo Tumbo akisema sasa hivi, baba anapiga makofi. Mwalimu akisema subirini, baba anapiga makofi pia maana Mwalimu ni Mwalimu. Jioni nyumbani ananung'unika.

—

binti_wa_Rufiji:

Shikamooni wazee, wengine hamjambo. Naona orodha yote ya baraza ni wanaume, hakuna hata aliyestuka. Bibi Titi Mohamed aliyezunguka nchi nzima kuingiza wanawake TANU wakati wasomi wengi wanaogopa kupoteza kazi za mkoloni, kwenye kuunda serikali kapewa unaibu. Lucy Lameck naye naibu. Sababu inayotolewa eti elimu, Kiingereza cha mafaili. Sawa, lakini elimu hiyohiyo haikuhitajika kwenye jua la Mnazi Mmoja mwaka 1955! Afu 1965 Bibi Titi akapoteza na jimbo Rufiji, kwetu. Bibi yangu alikuwa anasema mwenye kupiga ngoma siye anayeitwa kwenye pilau.

—

Karani wa Boma:

Marahaba dada, na umenipata kweli, nimeandika majina yote yale sikuona. Narekebisha: baraza la kwanza hakukuwa na waziri mwanamke hata mmoja.

—

pweza_wa_Malindi_Unguja:

Assalaam aleikum. Nyie wa bara mnalalamika viti 70 kwa 71, njooni kwetu muone maana ya kushindwa kuunda serikali.

Januari 1961 uchaguzi Zanzibar na Pemba viti 22. Vyama vitatu: ASP (Afro-Shirazi) viti 10, Hizbu (ZNP) 9, ZPPP ya Shamte 3. Chake Chake ASP imeshinda kwa kura moja, kura MOJA. Sasa anaetaka serikali lazima awapate wale watatu wa ZPPP. Wakagawika, wawili Hizbu, mmoja ASP. Hesabu sasa: 11 kwa 11! Hakuna serikali, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni, kikaongezwa kiti kimoja ili isije ikawa sare tena. Siku ya kura zikazuka fujo, watu 68 wakafa. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali, Mohammed Shamte kiongozi. Julai 1963 tena viti 31, ASP imepata asilimia 54 ya kura za watu wote lakini viti 13, wenzao kwa kura chache zaidi viti 18. Kisheria ilikuwa halali kabisa. Uhuru 10 Disemba 1963, mapinduzi 12 Januari 1964. Serikali imeishi siku 33.

Na moja ya makosa makubwa, ile serikali iliwaachisha kazi polisi waliokuwa na asili ya bara, kwa kutowaamini. Sasa mtu aliyefundishwa kutumia silaha, anajua ghala la silaha la polisi pale Ziwani likoje, umemnyima mkate na hujamrudisha kwao. Ulitegemea akalime karafuu?

Nawaambia hivi, kura nyingi kupita kiasi ni tatizo, na kura sare ni tatizo kubwa zaidi.

—

mtu_wa_siti_ya_mbele:

Dah kura moja! Hapo aliyekuwa na homa asiende kupiga kura sijui alijisikiaje.

—

mwana_Katanga:

Jambo bandugu. Nasoma kutoka Lubumbashi. Niseme kidogo tu juu ya kwetu Kongo, maana hiyo hofu ya Tanganyika ilitoka kwetu pia, viongozi wenu walikuwa wanatuangalia sisi 1960 wanatetemeka.

Uchaguzi wa Mei 1960 chama cha Lumumba kilikuwa cha kwanza kwa viti 33 tu kati ya 137, yaani mshindi hana hata theluthi. Wengine wote walikuwa vyama vya jimbo na kabila. Serikali ikaundwa wiki moja kabla ya Uhuru kwa kugawana viti ili kila mtu aridhike, Kasavubu rais, Lumumba waziri mkuu, kila mmoja anamchungulia mwenzake. Waliomaliza chuo kikuu nchi nzima hawakufika 30, na jeshini hakukuwa na ofisa Mkongo hata mmoja. Uhuru 30 Juni. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens, Mbelgiji mkuu wa jeshi, anaandika ubaoni mbele ya askari: kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Usiku huo kambi ya Thysville imewaka kwa maasi. Tarehe 11 Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, anatangaza ni nchi yake. Siku 11 tu, serikali haijajua hata nani ana ufunguo wa ofisi gani.

Babu wa mleta uzi alikuwa na bahati, yule Mzungu wake alimwachia vikaratasi kwenye funguo.

—

Karani wa Boma:

Mwana Katanga asante sana, umenifungulia mlango wa sehemu ya mwisho, na pweza wa Malindi pia, maana hizi stori zote zinakutana wiki moja ya Januari 1964.

Jeshi letu lilikuwa lilelile la Keya, yaani King's African Rifles la mkoloni, wamebadilisha jina tu likawa Tanganyika Rifles. Kambi ya Colito, leo Lugalo. Mkuu wake Brigedia Douglas, Mwingereza, na maofisa wengi Waingereza. Miaka miwili ya Uhuru askari bado anampigia saluti yuleyule. Sasa panga matukio.

Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu katoa waraka: kuanzia sasa hakuna tena kumpendelea Mwafrika kwenye ajira serikalini, raia ni raia, awe mweusi, Mhindi au Mzungu. Kimsingi ni ileile hoja ya Oktoba 1961. Vyama vya wafanyakazi vikaja juu. Tarehe 12 Zanzibar imepinduliwa na watu wasio na jeshi. Serikali yetu ikapeleka polisi 300 Unguja kusaidia kutuliza mambo, kwa hiyo Dar imebaki na polisi pungufu. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20, Colito ikaamka.

Askari wakawakamata maofisa wao, wakaja mjini, wakashika Ikulu, redio, uwanja wa ndege. Madai yao mawili: mishahara, na maofisa Waingereza waondoke. Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, ndo aliyewafuata kambini kuongea nao huku wanamwelekezea mitutu. Mwalimu na Kawawa walifichwa mahali siku hizo za mwanzo. Kesho yake Tabora nayo ikaasi. Mjini watu wakavunja maduka, wakafa raia. Na ndani ya wiki hiyohiyo Jinja Uganda na Lanet Kenya nako kukaasi, ugonjwa ule ule.

Mwalimu kaomba msaada kwa haohao Waingereza. Tarehe 25 makomandoo wakaruka na helikopta kutoka meli ya Centaur, asubuhi moja tu Colito imekwisha. Nafikiri hiyo ndo siku chungu kuliko zote kwake, miaka miwili na mwezi mmoja wa Uhuru unamwita aliyekutawala aje akurudishie nchi.

Baada ya hapo ndo Tanganyika tunayoijua ikaanza kuumbwa. Jeshi lile likavunjwa lote, wakaja Wanigeria kushika ulinzi kwa muda, likaundwa jipya, JWTZ 1 Septemba 1964, mkuu wake Mirisho Sarakikya, na vijana wengi wakachukuliwa kwenye chama. Vyama vya wafanyakazi vikavunjwa ikabaki NUTA moja chini ya waziri wa kazi mwenyewe, Kamaliza, eti waziri wa kazi ndo katibu mkuu wa wafanyakazi. Viongozi kibao wakawekwa ndani, Tumbo mmojawapo. 1965 chama kimoja kikaingia kwenye katiba.

—

nondo_za_Tabora:

Unaona sasa! Askari wameasi, aliyefungwa kiongozi wa reli. Walipata ushahidi gani kwamba Tumbo alihusika Colito?

—

Karani wa Boma:

Hakushtakiwa mahakamani, ndo maana ya kizuizini. Na ndo pale ninaposema niko upande wako. Maasi yaliipa serikali nafasi ya kumaliza ugomvi ambao haukuwa wa jeshi. Lakini mkuu ukumbuke na upande mwingine, ile 1965 chini ya chama kimoja wapiga kura walimwangusha waziri wa fedha Bomani kwenye jimbo lake. Kongo wakati huo inachinjana. Mimi sina mizani ya kupima hayo mawili, kila nikiyaweka naona yanabadilika uzito kulingana na siku.

—

Mzee wa Gerezani:

Baba yangu naye walimchukua Januari ile, siku tisa, kwa kuwa alikuwa na kadi ya chama cha reli. Alirudi kakonda. Hakuulizwa chochote. Akaendelea na kazi mpaka anastaafu na picha ya Mwalimu ukutani. Nilimuuliza mara moja, akasema hasira zake hazimhusu mtu mkubwa, zinamhusu yule koplo aliyemnyang'anya mkanda wa suruali hakurudisha.

—

binti_wa_Rufiji:

Mzee pole. Huo mkanda umeniingia.

Karani, hujamalizia ya babu. Alikaa kwenye kile kiti? Ile nyumba ya Bwana Shauri walimpa?

—

Karani wa Boma:

Alikaimu miezi mitano. Nyumba hakuhamia, alisema ina vyumba vingi na bibi aligoma, eti atafagia vyumba vya nani. Alikuwa anaenda kufungua madirisha tu kila Jumamosi hewa iingie.

Katikati ya 1962 ikaja Land Rover na mkuu wa wilaya mpya kutoka kwenye chama, kijana, mzungumzaji mzuri sana jukwaani, kwenye mafaili ndo alikuwa anatafuta pa kuanzia. Babu akamkabidhi funguo na vikaratasi vyake vilevile vya Kiingereza, akarudi meza ya nje. Akawa anapiga taipu barua, anaziweka kwenye trei, mkuu wa wilaya anasaini.

Ila ile salamu ya mwisho aliitoa. Hakuna aliyemwambia aitoe. Aliacha nafasi tupu tu pale chini, afu jina.